Kwale wa Julai

Alfajiri Matamba. Sakitu imelala juu ya pareto,
inavunjikavunjika chini ya buti.
Upepo unashuka kutoka Kitulo bila hodi,
unapenya pale kilipong'oka kifungo.

Mjomba Lutangilo ana gobore begani
na viazi viwili vya kuchoma mfukoni,
si vya kula bado, vya kushika.
Hasemi. Ananyoosha kidevu tu:
pale, kwenye mabua ya ngano.

Kwale hawapendi kuruka siku ya upepo.
Wanakimbia kwa miguu, vichwa chini,
kama watu waliochelewa mnada.

Mlio sikuusikia vizuri,
upepo uliuwahi.
Niliona moshi, ukalazwa ukapotea,
na manyoya matatu yakielekea Usangu.

"Mtie kifuani," mjomba akasema,
"vidole vyako vimekufa."

Nikamtia chini ya sweta.
Alikuwa wa moto kuliko kiazi,
moto wa mtoto aliyetolewa usingizini,
na shingo yake ikanilalia mbavuni
kila nilipopiga hatua.

Tulipoifikia barabara ya Chimala
vidole vyangu vilikuwa vimerudi.
Yeye alikuwa amepoa.
Mjomba akanyoosha mkono ampokee.
Niliona haya kumtoa.