Sugu

Katoi Mwambire, mchonga mawe wa Maweni,
alikuja na mguu umefungwa leso ya mkewe.
Nikapitisha pamba kwenye donda, nikamwomba radhi.
Hakushtuka. Alinionyesha viganja:
"Mimi ni sugu, dada. Patasi ilishamaliza maumivu."

Usaha niliulaza usiku mmoja.
Asubuhi nikachota kijidoa, nikakikoroga
hadi kikafanana na maji ya kwanza ya mchele,
nikayapaka sahanini: huku, huku, na huku tena.
Kwa koleo nikapanga vikaratasi sita,
kila kimoja na dawa yake, kila kimoja mbali na jirani.
Nikaifudikiza. Joto thelathini na tano.

Saa nane za usiku stima ya Amu ikakatika.
Nikakaa kitandani, nasubiri jenereta ya hospitali ishike.
Ikashika.

Kulipokucha, rula mkononi.
Dawa ikisikika, wadudu hurudi nyuma,
huiachia uwanja.
Cha kwanza: milimita sita.
Sita ni upana wa kikaratasi chenyewe.
Sita maana yake hakuna.
Cha pili sita. Cha tatu sita,
ukoga umefika ukingoni, umekiegemea
kama mtu aegemeaye baraza ya kwao.

Zile rangi mbili alizonunua Langoni, za kuhesabiwa mkononi:
mbili leo, moja kesho kutwa,
nyingine akampa shemejiye mwenye jino.

Babangu ana sugu kipajini, ya miaka ya sijida.
Katoi ana zake viganjani.
Zote ni za kurudiarudia.
Na hawa wa sahanini wamerudiwarudiwa,
kidogo, kidogo, pasi na kumalizwa.

Fomu yataka herufi moja. Naiogopa:
S ya kusikia, S ya sugu.
Naandika maneno mazima, kwa wino, polepole,
sugu, sugu, sugu, sugu, sugu.

Cha sita kina uwanja. Ishirini na mbili.
Nimepima mara tatu, nimegeuza sahani nikapima tena.
Ni ya sindano. Stoo yetu haina;
labda Malindi, wasema, labda Alhamisi.

Katoi yuko benchini, anachokoa kiganja kwa ukucha.
"Wamesikia?"
"Moja tu."
Namsihi asimeze kitu mpaka Alhamisi.
Anaitikia, anainuka kwa mguu mmoja,
na mfukoni mwake kitu kinalia, kama njugu.