Hesabu ya Maziwa

Vlastimil alitaka kasha:
majedwali yote ndani, yajuane kwa majina,
mfugaji asifutwe ilhali maziwa yake yangalipo.
Mimi nilitaka yawe huru,
kila moja na mlango wake,
likiugua, liugue peke yake.
Tulibishana hadi viazi vya Moravia vikaisha mashambani,
na meneja wa jibini akakata shauri: kasha.

Januari theluji ikaangusha nguzo ya umeme.
Taa ziliporudi, kasha likagoma.
Wafugaji mia tatu na kumi, wazima humo ndani,
na ufunguo umeoza.
"Samaki mmoja," nikasema. Vlastimil hakucheka.

Nikayatoa moja moja,
kama watoto kwenye nyumba yenye moshi.
Kichwa cha jedwali la maziwa kilidai rekodi 4,118.
Nikahesabu mwilini: 4,117.
Ningepunguza moja kichwani,
lingefunguka, tungelala.

Lakini hiyo moja ni nani?

Alfajiri Vlastimil akavaa buti, akashika daftari,
nyumba kwa nyumba, hadi kwa Bi Drahomíra
mwenye ng'ombe wawili,
aliyeandika kwa kalamu ya risasi
juu ya mlango wa zizi:
tarehe kumi na tisa, lita kumi na nne.

Kasha limebaki. Kila jioni natoa nakala mbili;
moja naenda nayo nyumbani, naiweka kabatini karibu na chumvi.
Vlastimil anasema alishinda.
Sijambishia.
Mlango ule wa zizi haukuungwa na chochote,
na umeme ulipokatika
haukujua.