Vyeti Vibaki Nyumbani

Shekuwe, sogeza kiti, mashine yahema ndani,
Yavuta cheti kwa cheti, vya Faza na Matondoni,
Mistari laki, eti, kila mmoja njiani,
Saa kumi, na ripoti haijatua mezani.

Halua hukorogewa papo hapo karaini.
Kijiko kikitolewa, kikorogwe barazani,
Kisha kirudi kutiwa, kingine kende uani,
Hata harusi ikiwa ya mwakani, tule nini?

Amri tuziandike, tuzihifadhi ghalani,
Kwa jina zitambulike, tuite tu mlangoni.
Tarehe ndiyo ivuke, vyeti vibaki nyumbani,
Jumla tupu itoke, itujie mkononi.

Uziite mara moja, si kila cheti, jamani!
Nami mwanzo nilivuja jasho kwa huo utani.
Cheti kibovu kikija, rudisha vyote mwanzoni:
Hesabu nusu, kioja; chanjo ipo, mtu nani?

Haya, bonyeza tuone. Kimya kikawa chumbani.
Dakika zikawa nne, ripoti i kiooni.
Asema, "Hebu nione," ahesabu vidoleni.
Punda kwa punda mwingine wajibizana Langoni.