Mizani ya Vumbi

Kikohozi cha mama ndicho saa ya nyumba yetu:
huanza saa kumi na moja, kabla ya kengele za hekalu,
nami huamka, nikavaa koti, nikaenda kazini
kupima kilichomwamsha.

Si kazi ya kutisha. Nashika kwa kibanio
karatasi ya duara, nyepesi kama ganda la kitunguu,
naiweka kwenye mizani isiyopenda hata kupumuliwa,
naandika uzito wake ingali safi.
Kesho yake naipima tena, imeshakula hewa.
Kilichozidi ndicho tulichovuta.

Miaka sita mashine yetu ilikaa bustanini, nyuma ya wizara,
katikati ya misonobari miwili,
mtunza bustani Asharam akimwaga maji kando yake kila alfajiri.
Karatasi zilirudi na rangi ya maziwa.
Bonde la Kathmandu likawa na afya njema
kwenye karatasi.
Niliandika barua tatu. Ya tatu nikaikuta
imefunika bilauri ya Bwana Amatya, nzi wasiingie.

Kisha pampu ikafa. "Ipelekeni kwa fundi," akasema.
Tukaipeleka, mimi na dereva, Nhuchhe Lal.
Hakuna aliyetuambia tuirudishe wapi.
Tukapanda nayo ngazi za shule moja ya Thimi,
hadi paa linalotazama matanuri ya matofali,
moshi ukitambaa juu ya mashamba ya koliflawa
kama mdeni anayekwepa mlango.

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria.
"Mashine imeharibika."
"Haijaharibika, bwana. Imehama."

Mwenye tanuri, mjane Purnashova, hakuwa zimwi.
Alituwekea viti, akauliza:
"Mkinifungia, hawa watu mia tatu mtawalisha karatasi?"
Sikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo ni mchochezi wake,
Ramavtar, mtu wa tambarare za kusini,
ndara za mbao miguuni kwa kuwa anakanyaga moto.
Akachora kwa kijiti mavumbini:
matofali yapangwe kwa upogo, hewa ipite ikijipinda,
na makaa yasimwagwe beleshi kwa beleshi kisha mtu akalale;
kijiko, ngoja, kijiko, ngoja.
"Nayasema haya mwaka wa tisa," alisema.
"Nani humuuliza mchochezi?"

Haba na haba. Ndivyo kifua cha mama kilivyojaa kibaba,
na ndivyo tunavyojaribu kukipunguza.

Msimu huu matanuri kumi na moja yamepanga kwa upogo.
Bado mabasi. Bado takataka zinazochomwa usiku kando ya mto,
bado malori, jenereta, na fungu la fedha
lililolala ndani ya faili kama paka jikoni.
Lakini Bwana Amatya siku hizi hupita mezani kwangu kabla ya chai,
husimama mbali, kiganja mdomoni,
asije akaipumulia mizani.

Karatasi ya leo ni ya kijivu.
Alitaka niandike "nyeupe kiasi."
Nimeandika kijivu.

Na pembeni, kwa penseli, pasipo na safu ya jambo hilo:
mama leo amechelewa,
amekohoa saa kumi na mbili kasorobo.