Mapigo

Kompyuta ilitoka kiwanda cha maziwa kilichofilisika,
bado yanuka mtindi upande wa feni.
Babu Ödön aliinunua pamoja na meza yake,
na kusema kweli, meza ndiyo aliyoitaka.

Novemba. Ukungu wa Hungaria umelala
juu ya mabua ya alizeti.
Nina miaka kumi na mitatu,
fundi pekee kijijini asiyedai kinywaji.

Miaka tisa amecheza sataranji kwa posta
na Wáshington Olivera, mtu wa Uruguay:
kadi moja, hatua moja, wiki tatu za kungoja.
Sasa ni mchezo wa nne, na farasi wa babu
amebanwa kona kama mgeni aliyekosa kiti.
Kadi ya mwisho ina anwani ya barua pepe.
"Tufanye haraka," kaandika, "tunazeeka."

Haya basi.
Diski saba, ya tano ina mkwaruzo:
uingize, utoe, uipulizie,
uingize tena kwa adabu.
Modemu ni kiboksi cheusi chenye taa sita;
naichomeka nyuma, kwenye vumbi,
kompyuta yasema haioni kitu.
Nahamisha waya wa kipanya:
sasa yaiona modemu, haimwoni kipanya.
Saa nzima nawapatanisha hao wawili.

Neno siri babu anachagua jina la mbwa aliyekufa.
Ananiamuru nigeuze uso,
kisha anashindwa kuipata herufi,
ananiita nimwandikie.

Saa kumi na mbili jioni bei ya simu inashuka.
Tunapiga.
Mlio ule ule wa kungoja,
nyuki ndani ya chupa.
Tunapiga tena. Nyuki.

"Swichibodi yetu ni ya mwaka sitini na mbili," babu asema.
"Haijui kuimba. Inajua kuhesabu."

Natafuta, dirisha ndani ya dirisha,
hadi nakipata kijisanduku: si toni, mapigo.
Na modemu yaanza kugonga,
tak-tak, tak-tak-tak-tak,
na babu, miaka thelathini na minane mwashiria ishara wa reli,
amefumba macho, kidole gumba chahesabu juu ya goti.

"Tarakimu ya sita," asema. "Imegonga saba.
Karatasi yako inasema nane."

Naangalia. Saba.
Nilikuwa nimeandika saba.

Mara hii upande wa pili unaitika,
kwa filimbi, kwa mkwaruzo, kwa mvua ya changarawe,
na bibi Etelka jikoni anainua mkono wa simu:
"Nani huyo anakanyagwa?"
"Weka chini!"
Taa zote zimezima.

Tunapiga tena.
Bibi amekaa juu ya mikono yake mwenyewe.
Filimbi, changarawe, halafu
kimya chenye taa ya kijani.

*Farasi, f-tano*, babu aagiza. Naituma.
Anakwenda kujimiminia chai.

Dakika kumi na moja.
*Malkia, d-mbili. Mguu wako unaendeleaje?*

Babu anasimama na birika mkononi.
Kadi za Wáshington yeye huziweka nyuma ya saa ya ukutani;
hulisha kuku, hukwangua theluji,
hupita mbele ya ubao bila kuutazama,
na kushindwa kwake huja taratibu
hata amezoea kabla hakujafika.

"Anataka jibu leo?"
"Anangoja, babu. Yuko pale."
"Pale wapi?"

Naionyesha taa ya kijani.
Anaitazama kitambo.
Kisha anapiga goti, gumu lile la mguu mbovu,
na kuuchomoa waya ukutani polepole,
kama mtu atoaye mwiba mguuni mwa mtoto.

"Mwandikie laini imekatika."
"Nitamwandikiaje, nayo imekatika?"

Hanijibu.
Kadi iko mezani,
na stempu tayari iko juu ya ulimi wake.