Mbwa Asiyejua Kiarabu

Nilimwokota nyuma ya kituo cha petroli,
njia ya Sinaw, Juni, saa nane mchana,
ulimi nje kama kitambaa kilichosahauliwa kambani,
mbavu zahesabika bila kuguswa.
Nikamtilia maji katika kofia yangu ya kazi.
Akanywa, akanitazama, akapanda garini
kana kwamba tulikuwa na miadi.

Mama alikuwa sebuleni, Ibra, anachambua mchele.
"Huyo ndani hapiti," akasema.
"Na ulimi wake ukigusa chombo,
mara saba, na moja kwa udongo."
Jioni ile ile akaweka ndoo ya udongo mlangoni
na kopo juu yake,
kama mtu anayejiandaa kwa vita virefu.

Tukahamia uani, mimi na yeye,
kati ya tangi la maji na mtende usiozaa.
Nikamwita Bado,
kwa kuwa ndilo neno nililomwambia zaidi ya yote.

Saa kumi alfajiri, saruji haijaanza kuunguza nyayo.
Maini ya mbuzi, yamechemshwa,
vipande kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Kaa. Amesimama.
Kaa. Anajikuna.
Nikapitisha ini juu ya pua yake, polepole, kuelekea kisogoni:
pua ikapanda, matako yakashuka yenyewe.
Hapo hapo umpe! Ukichelewa
umemlipa kwa kupiga chafya.

Siku ya tisa alitafuna waya wa pampu
nami nikainua kandambili.
Akajibana ukutani. Mkojo ukamtoka.
Nikamwona mtoto wa miaka saba, juzuu mkononi,
na bakora ya marehemu baba ikipanda.
Nikaivaa kandambili yangu.
Nikanunua waya mwingine.

Njoo ndilo neno zito.
Usimwitie kuogeshwa, usimwitie mnyororo.
Neno hilo ukilidanganyia mara mbili
linabaki sauti tu, kama mlango wa jirani.
Mwezi mzima nilimwita njoo bila haja yoyote,
nikampa ini, nikamwacha aende zake.

Ngoja alijifunza kwa siku mbili.
Huenda aliijua tangu kituo cha petroli.

Wanangu, Muzna na Azzan, wakitoka shule
humjibu bibi yao kwa Kiarabu, migongo imegeuka.
Sasa wakasimama uani wakiamrisha:
*ta'aal!* Bado akatazama tangi.
*ug'ud!* Bado akalamba mguu wake.
Azzan akadhani ni kiziwi.
Muzna akaenda hadi kwenye sinia la mchele:
"Bibi, inasemwaje, 'acha hiyo'?"

Mama alikaa kimya na punje moja kiganjani.
"Acha," akasema. "Lakini usiseme kama unaomba."
Kesho yake: "Lala." Kesho kutwa: "Rudi nyuma."
Wiki iliyofuata Azzan alimwambia dada yake
"wacha upuuzi wako,"
kwa lafudhi ya Wete, mji asioujua,
na mama akacheka mpaka ushungi ukamwanguka.

Juzi nimerudi zamu ya usiku, umeme umekatika mtaani.
Mama amekaa kizingitini,
miguu ndani, ndoo ya udongo mbele yake.
Ng'ambo ya ndoo, Bado ameketi wima.
Anamsimulia habari za Bi Mtumwa wa Mzambarauni
aliyeazima sufuria ya pilau
na hakuirudisha hata Mapinduzi yakaja.
"Sufuria kubwa. Ya shaba. Unanisikia?"
Sikio moja likageuka.
Mikononi mwake hamna ini wala mfupa.

Nikasimama gizani na funguo zangu.
"Mama, hujalala?"

"Bado," akajibu,
na mbwa akanyanyuka.