Sura ya Tisa

Nilikodi nyumba ya mbao nje kidogo ya Molo,
ukungu mpaka kizingitini, blanketi tatu,
mtandao hakuna ila ukipanda juu ya tangi la maji.
Nilitaka kimya. Nilikipata siku moja na nusu.

Mtunza nyumba, Kipng'eno, hagongi mlango; anakohoa.
Kila karatasi niliyoikunja nikaitupa
aliiokota ya kuwashia moto,
akainyoosha pajani kwanza, akaisoma,
midomo ikitembea:

*Nilimzamisha Tindi katika josho la ng'ombe
usiku wa Jumatano. Alinitazama. Nikamaliza kazi.*

Nafsi ya kwanza. Nilidhani ni sanaa.

Jumatatu akaja mama mmoja, Nyaboke, na kabichi mbili.
Akaketi. Akasifu moto wangu.
"Kuna dalali wa viazi hapa, Kamotho.
Gunia lake ni lumbesa, bei yake ni matusi.
Wewe, kwa kazi kama hiyo, hutoza ngapi?"
Nikadhani anataka kitabu.
"Inategemea urefu," nikasema.
Akafikiri.
"Ni mfupi."

Jumanne wakaja watatu wa ushirika,
elfu sita na mia mbili ndani ya kopo la Kimbo,
na daftari: waliotoa, walioahidi.
Mweka hazina akaomba risiti.
Nikapaza sauti: jamani, mimi mwandishi!
Mimi naua kwa kalamu!
Wakatazamana.
"Kwa kalamu," mmoja akanong'ona. "Hata panga hahitaji."
Kopo wakaliacha.

Usiku nikasukuma kabati mlangoni
nikaandika kurasa kumi na moja,
bora kuliko zote za mwaka ule.
Naona haya kulisema.

Alhamisi asubuhi ng'ombe walikataa kuingia joshoni.
Walinusa, wakarudi kinyumenyume,
wakamkanyaga mwenye dawa.
Kamotho alikuwamo, kifudifudi,
kofia yake ya sufi ikizunguka polepole pembeni.
Nani? Sijui. Naapa sijui.
Lakini njia nzima niliamkiwa kwa mikono miwili.
Dukani walikataa pesa yangu ya sukari.
Nyaboke akaniletea kabichi ya tatu.

Koplo Wafubwa alifika saa mbili usiku.
Akavua viatu, kwa heshima ya zulia,
akatoa kotini mswada wangu,
kurasa zote zilizotupwa, zimepigwa pasi,
moja ina alama ya ugali.
Pingu akaziweka kando ya chai.
Akasoma. Akalowesha kidole, akafunua.
Mara moja alicheka.
Mara mbili aliniangalia.
Nje, dirishani, mtu alikohoa.

Mwisho wa sura ya nane akageuza karatasi: nyuma nyeupe.
Akaangalia chini ya sahani, chini ya meza.
"Sasa huyu muuaji," akauliza, "nani hasa alimtuma?"

"Sijui bado, afande."

Akavuta kiti karibu na moto.
Akanisukumia kalamu, pingu zikaburutwa nayo.
"Andika. Mimi nitalala hapa hapa.
Ukikwama, niamshe.
Na uwe mwangalifu na majina.
Lile daftari la mchango nimelisoma.
La tatu ni la mke wangu,
na bado anadaiwa mia mbili."